Gustave Le Gray: mpiga picha aliyeunganisha bahari na mbingu, akafia mbali na kwao

Kila anayepiga picha kwenye ufuko wa bahari au wa ziwa anaijua shida hii: maji yakionekana vizuri, mbingu inatoka nyeupe bila hata wingu moja, mawingu yakionekana vizuri, maji yanageuka giza. Zaidi ya miaka 160 iliyopita, Mfaransa mmoja alipata njia ya kuvionyesha vyote viwili. Anaitwa Gustave Le Gray. Picha zake za bahari zilimpa sifa kubwa Ulaya, lakini hazikumwokoa na madeni.

Le Gray alizaliwa mwaka wa 1820 huko Villiers-le-Bel, kaskazini mwa Paris. Kwanza alisomea uchoraji kwa mwalimu Paul Delaroche, kisha akaishi Italia miaka kadhaa. Aliporudi Paris mwaka wa 1847, upigaji picha ulikuwa bado kazi changa, naye akaingia humo kwa nguvu zote. Mwaka wa 1851 alitangaza njia ya kupaka karatasi nta kabla ya kuitia dawa. Karatasi hiyo iliweza kutayarishwa siku kadhaa mapema, jambo lililowasaidia sana wapiga picha waliosafiri. Mwaka huohuo alikuwa kati ya wapiga picha 5 waliotumwa kupiga picha za majengo ya kale ya Ufaransa kwa ajili ya serikali.

Lakini jina lake lilitoka baharini. Kati ya mwaka wa 1856 na 1858 alipiga picha kwenye pwani ya Normandie, kisha huko Sète, kwenye bahari ya Mediterania. Alitumia vioo vilivyopakwa dawa, ambavyo vilipaswa kupigwa picha na kusafishwa vikiwa bado na unyevu. Dawa za wakati ule ziliathiriwa mno na mwanga wa buluu. Kwa hiyo mbingu iliungua kabla maji hayajaonekana.

Le Gray alitumia vioo viwili: kimoja cha bahari, kingine cha mawingu. Wakati wa kutoa picha kwenye karatasi, alifunika sehemu ya juu akatoa maji, kisha akafunika maji akatoa mbingu. Alama ya kuunganisha aliificha kwenye mstari ule ambapo bahari na mbingu hukutana. Ndiyo maana mawingu yaleyale yanaonekana juu ya bahari tofauti.

Si kila picha ilihitaji ujanja huo. Ile ya mwaka wa 1856 yenye merikebu moja tu katikati ya maji ilitoka kwenye kioo kimoja, jua likiwa nyuma ya mawingu. Watazamaji wengi walidhani imepigwa usiku kwa mwanga wa mwezi. Ilipoonyeshwa London mwaka huo, ilipata wanunuzi wengi sana. Humo tunaona tabia yake ya kupanga picha: aliweka vitu vichache, akaacha nafasi kubwa kwa mwanga na maji.

Je, kubandika mawingu ya siku nyingine ni udanganyifu? Katika picha ya habari, jibu leo ni ndiyo. Lakini Le Gray hakuuza habari. Alitaka picha ihesabiwe kuwa sanaa sawa na uchoraji, na mchoraji huchagua mbingu yake.

Msimamo huo ulimgharimu. Studio yake kwenye barabara ya Capucines, Paris, ilikuwa ya kifahari na ya gharama kubwa. Wakati huo wateja walikuwa wakikimbilia picha ndogo za sura, za bei nafuu. Yeye aliendelea na picha kubwa zilizochukua muda. Mwaka wa 1860 kampuni yake ilivunjwa.

Aliacha mke na watoto, akapanda mashua ya mwandishi Alexandre Dumas. Huko Palermo alipiga picha ya Garibaldi na ya mitaa iliyobomolewa na vita. Baadaye wawili hao waligombana, na Le Gray akaachwa Malta. Alipitia Lebanon na Siria, akafika Misri. Huko Cairo alifundisha uchoraji, huku akiendelea kupiga picha. Hakurudi tena Ufaransa. Alifariki mwaka wa 1884, na huko Paris wengi walikuwa wameshamsahau.

Mwaka wa 1999, nakala ya picha yake ya wimbi kubwa la Sète iliuzwa kwa mnada London kwa pauni 507,500. Wakati ule, hakuna picha ya kamera iliyokuwa imewahi kuuzwa ghali hivyo mnadani. Fedha hizo zilikuja miaka 115 baada ya kifo cha mtu aliyeshindwa kulipa madeni ya studio yake.