Makhan Singh, mtetezi wa ujira Afrika Mashariki

Mchumaji wa chai ya Shagasha, katika sekta ya Giheke wilayani Rusizi, mwenye mkataba usio na kikomo, aweza kuacha kazi kwa notisi ya siku 15, au siku 30 akiwa ametimiza mwaka. Ndivyo iagizavyo sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018. Nchini Kenya ya kikoloni, mfanyakazi aliyeondoka kabla ya mkataba kwisha alihesabiwa mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai.

Makhan Singh aliikuta hali hiyo alipofika Nairobi mwaka 1927, kijana aliyezaliwa Punjab mwaka 1913. Wanaume Waafrika walibeba kipande, aghalabu shingoni, ndani ya kikasha cha chuma. Humo mwajiri aliandika kazi na mshahara. Asipotia saini ya kumwachilia, mwenye kipande hakuajiriwa kwingine. Aliyedhulumiwa hesabu yake ya mwisho alibakiwa na njia mbili: anyamaze, au atoroke na kuhatarisha kifungo.

Mwaka 1935 Singh, aliyefanya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha baba yake, alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi, akakifungua kwa watu wa rangi zote. Mgomo wa 1937 ulidumu siku 62, na mishahara ikapanda kwa asilimia 15 hadi 22.

Baada ya kuzuiliwa India wakati wa vita, alirejea Nairobi mwaka 1947. Mwezi Mei 1949, yeye na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki, ambalo serikali ilikataa kulisajili. Miezi miwili baadaye, huko Geneva, ulipitishwa Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani: ajira ikimalizika, ujira wote unaodaiwa ulipwe kwa mujibu wa sheria au katika muda wa kuridhisha.

Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Singh alidai uhuru kamili. Alikamatwa Mei 15; Nairobi ikagoma. Alizuiliwa miaka 11 na nusu, akaachiliwa Oktoba 1961, baada ya Kenyatta mwenyewe.

Serikali huru haikumpa wadhifa. Aliandika historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya, iliyotoka mwaka 1969, akafariki Mei 1973.