Marcel Lihau, jaji aliyekataa kupindisha sheria

Katika katiba ya mwaka 1964, ile inayoitwa katiba ya Luluabourg, kuna tarehe moja ambayo uzito wake bado unasikika Masisi na Walikale: 18 Oktoba 1908. Katiba ilisema kwamba Mkongomani ni yule ambaye mzee wake mmoja alikuwa wa kabila lililokuwa tayari ndani ya inchi kabla ya siku hiyo. Tume iliyoandika maneno hayo ilikuwa chini ya Joseph Ileo. Katibu wake alikuwa kijana wa miaka 32, mwanasheria Marcel Lihau.

Lihau alizaliwa tarehe 29 Septemba 1931 huko Bumba, jimbo la Equateur. Wakati ule wakoloni hawakutaka Mwafrika asome sheria. Kwa msaada wa mapadri Wajesuiti alifika Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji, akawa kati ya Wakongomani wa kwanza kusoma kazi hiyo. Mwanzoni mwa 1960, wanasiasa wa Kongo walipokuja Brussels kujadili uhuru kila mmoja na chama chake, yeye alikuwa kati ya wanafunzi waliowasukuma wawe kitu kimoja mbele ya Wabelgiji. Wakasikilizana, na uhuru ukapatikana mwaka uleule.

Mwezi wa tisa 1960 Mobutu alisimamisha viongozi wa kisiasa na kuwapa vijana wasomi serkali. Lihau akapewa mambo ya sheria. Ni wakati wa serkali hiyo ndipo Lumumba alipokamatwa na kuuawa. Jambo hilo haliwezi kuondolewa katika maisha ya mtu yeyote aliyekaa ndani yake.

Mwaka 1963 akawa mkuu wa kitivo cha sheria Lovanium, Kinshasa. Mwaka uliofuata ikaja kazi ya Luluabourg, mji ambao leo ni Kananga. Tume ilipewa siku 100 tu. Katiba iliyotoka iliyapa majimbo nguvu, na Kivu Kaskazini ikatajwa humo kama jimbo. Wanainchi waliipigia kura ya ndiyo. Lakini haikudumu: Novemba 1965 Mobutu alichukua madaraka, kisha akapunguza majimbo. Kivu ikarudi kuwa moja hadi 1988.

Mwaka 1968 Lihau akawekwa kuwa raisi wa kwanza wa Mahakama Kuu ya inchi. Jaji wa ngazi hiyo alikuwa na gari, nyumba na heshima, mradi tu asimkasirishe mkubwa. Yeye alidumu miaka saba. Juni 1975 wanafunzi walioandamana walitakiwa wapewe adhabu kali. Lihau akakataa. Mobutu akamfukuza kazini papo hapo na kumfungia nyumbani.

Kuanzia hapo jaji akawa mpinzani. Mwaka 1980 wabunge 13 walimwandikia Mobutu barua ndefu ya kumkosoa, wakateswa kwa ajili yake. Mwaka 1982 Lihau alikuwa pamoja na Tshisekedi na wenzao walioanzisha chama cha UDPS, wakati sheria iliruhusu chama kimoja tu. Akanyang'anywa haki zake na kupelekwa kwa nguvu kukaa kijijini. Afya ikaharibika. Mwaka 1985 akakimbilia Marekani, akafundisha sheria ya katiba Chuo Kikuu cha Harvard.

Huku nyuma, ile tarehe ya 1908 ilikuwa inachezewa. Mwaka 1972 sheria mpya ilisema kwamba waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu kabla ya 1950 ni Wakongomani. Mwaka 1981 sheria nyingine ikafuta hiyo na kurudisha hesabu hadi 1885. Huko Masisi, ambako wakoloni walileta watu kutoka Rwanda tangu miaka ya 1930, mtu aliyelala akiwa mwanainchi aliamka akiwa mgeni. Na wenyeji, waliokuwa wameona mashamba yakienda kwa wakubwa, hawakuwa na mahakama ya kuamini. Machi 1993 mauaji yalianzia soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi. Maelfu wakafa.

Lihau alikuwa amerudi Kongo mwaka 1990 na kuunga mkono Mkutano Mkuu wa Taifa, akitumaini kwamba safari hii sheria itakuwa na nguvu kuliko mtu. Ugonjwa ukamrudisha Marekani. Alifariki Boston tarehe 9 Aprili 1999, inchi ikiwa katikati ya vita.

Mwaka 2004 sheria ya uraia ilibadilishwa tena, na tarehe ikawa ile ya uhuru, 30 Juni 1960. Katiba ya 2006 iliigawa Mahakama Kuu katika sehemu tatu na kuandika kwamba jaji hapokei amri kutoka kwa serkali. Maandishi ni mazuri. Lakini ya Luluabourg nayo yalikuwa mazuri, na hayakuweza kujilinda yenyewe. Familia inayosubiri hukumu ya shamba lake, iwe Masisi au Walikale, inajua tofauti iko wapi: ni kama yule aliyekaa kwenye kiti, siku atakapopigiwa simu kutoka juu, ataweza kukataa kama Lihau mwaka 1975.