Alois Alzheimer, daktari aliyemsikiliza mama aliyesahau jina lake

Mjini Goma, mama mzee akitoka Ndosho kwenda soko la Virunga kisha akashindwa kurudi, watoto wake watamtafuta mpaka usiku. Wakimpata, jirani mmoja atasema ni uzee tu. Mwingine atanong'ona kwamba mama huyo ni mlozi, kwa kuwa anatembea usiku na kusema peke yake. Wachache watasema ni ugonjwa, na hao wakiutaja hutumia jina la mtu: Alzheimer. Ni jina la daktari Mjerumani aliyekufa mwaka wa 1915, wakati Wabelgiji na Wajerumani walikuwa wakipigana hapahapa kandokando ya Ziwa Kivu.

Alois Alzheimer alizaliwa tarehe 14 Juni 1864 huko Marktbreit, mji mdogo wa Bavaria kwenye mto Main. Baba yake alikuwa notari. Kijana huyo alisomea udaktari Berlin, Tübingen na Würzburg, na mwaka wa 1887 akamaliza kwa kuandika juu ya tezi zinazotoa nta ya masikio. Ubongo ulikuwa bado mbali.

Desemba 1888 akapata kazi Frankfurt, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ambayo wakaaji wa mji waliiita ngome ya wendawazimu. Mkubwa wake, Emil Sioli, hakutaka wagonjwa wafungwe kamba wala minyororo. Walipewa nafasi ya kutembea bustanini, na waliochafuka waliwekwa katika maji ya uvuguvugu mpaka watulie. Mwaka uliofuata akaja Franz Nissl, fundi wa kupaka rangi vipande vya ubongo ili chembe zake zionekane vizuri. Basi mchana wawili hao walikuwa na wagonjwa, usiku walikuwa kwenye darubini. Inasimuliwa kwamba Alzheimer alikuwa akipita kwa mwanafunzi mmoja hadi mwingine kuwaelekeza, na kila mezani akisahau sigara yake nusu. 

Alimwoa Cecilie Geisenheimer, mjane mwenye mali, wakazaa watoto watatu. Februari 1901 Cecilie akafa. Elisabeth, dada yake Alzheimer, akaja kulea watoto, na mfiwa akajizika katika kazi.

Miezi tisa baadaye, tarehe 25 Novemba 1901, mfanyakazi wa reli aitwaye Karl Deter alimleta mke wake Auguste, mwenye umri wa miaka 51. Karl alieleza kwamba mama huyo, aliyekuwa mtu wa kazi na wa utaratibu, alianza kumshuku kuwa anatembea na jirani. Baadaye akawa anaharibu chakula jikoni, anaficha vitu bila sababu na kuhangaika nyumbani bila kutulia.

Kesho yake Alzheimer akakaa naye. Maswali na majibu yote aliyaandika. Alimuuliza jina lake, akajibu Auguste. Alimuuliza jina la mume wake, akajibu tena Auguste. Mchana alikuta anakula nyama ya nguruwe na koliflawa, akamuuliza anakula nini, mama akasema ni spinachi. Alipoambiwa aandike jina lake alianza na neno la kumtambulisha kama mke wa mtu, kisha yaliyobaki yakampotea. Alisema, kwa namna yake, kwamba amejipoteza. Madaktari wengi wa wakati ule wangeandika mistari miwili na kufunga daftari. Alzheimer alirudi kwake siku baada ya siku.

Mwaka wa 1903 alihama Frankfurt, akapita Heidelberg, kisha akaenda Munich kwa profesa Emil Kraepelin. Mwanzoni alifanya kazi huko bila mshahara, kwa mali aliyoachiwa na mke wake. Lakini habari za Auguste aliendelea kuzifuatilia, ijapokuwa Karl, aliyelemewa na gharama, alitaka kumhamisha mke wake mahali pa bei nafuu.

Katika maabara ya Munich alikuwapo mwanafunzi Mwafrika, jambo ambalo wengi hawalijui. Solomon Carter Fuller alizaliwa Monrovia, Liberia, mwaka wa 1872. Babu yake alikuwa mtumwa Marekani, akajikomboa na kuvuka bahari kurudi Afrika. Fuller alisomea udaktari Marekani, na Alzheimer alimpokea miongoni mwa wanafunzi wake wa kigeni. Aliporudi Marekani ndiye aliyeeneza kwa Kiingereza kazi ya mwalimu wake.

Auguste alikufa tarehe 8 Aprili 1906. Daftari lake na ubongo wake vilitumwa Munich. Ubongo ulikuwa umesinyaa. Chini ya darubini Alzheimer aliona mambo mawili: madoa ya uchafu mgumu katikati ya chembe, na ndani ya chembe zenyewe nyuzi zilizojisokota kama kamba iliyoharibika. Basi kusahau kule, wivu ule na vitu vile vilivyofichwa vilikuwa na mahali vinapotokea, mahali panapoonekana kwa macho. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo aliyaeleza hayo huko Tübingen, mbele ya wenzake karibu 90. Hakuna aliyeuliza swali hata moja.

Mwaka wa 1910 Kraepelin aliuweka ugonjwa huo katika kitabu chake kikubwa na kuupa jina la Alzheimer. Hapo ndipo kosa lilipoingia. Kwa sababu Auguste alikuwa na miaka 51, ugonjwa ulihesabiwa kuwa wa nadra, wa watu ambao bado hawajazeeka. Mzee wa miaka 80 aliyepotea njia hakuingia katika hesabu, yeye alikuwa mzee tu. Alzheimer mwenyewe hakuwa na hakika kwamba ni magonjwa mawili, na aliandika hivyo mwaka wa 1911. Huko Prague, Oskar Fischer alikwisha kuona madoa yaleyale kwa wazee. Lakini jina la kitabuni lilishinda.

Mwaka wa 1912 Alzheimer alipewa uprofesa Breslau, ambayo leo ni Wrocław ya Poland. Akiwa katika treni ya kwenda huko alishikwa na ugonjwa, na hakupona kabisa. Alikufa tarehe 19 Desemba 1915 kwa figo na moyo, akiwa na miaka 51, umri uleule aliokuwa nao Auguste siku alipoletwa hospitali. Alizikwa Frankfurt kando ya Cecilie. Daftari la Auguste lilipotea machoni pa watu mpaka mwaka wa 1995, lilipopatikana katika makaratasi ya hospitali ya Frankfurt, pamoja na maandishi ya mkono wake yaliyokatika katikati ya jina.

Kosa la mwaka wa 1910 lilidumu zaidi ya miaka 60. Mwaka wa 1976 daktari Mmarekani Robert Katzman alisema wazi kwamba ugonjwa wa wazee na ule wa Auguste ni mmoja, na kwa hiyo si wa nadra hata kidogo. Leo Shirika la Afya Duniani linasema watu milioni 57 walikuwa wanaishi na magonjwa ya kupoteza akili mwaka wa 2021, na zaidi ya 60 kwa 100 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Karibu na Kivu pia watu wamehesabiwa. Katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walikuta magonjwa hayo kwa watu 6.4 kwa 100 wenye miaka 70 na zaidi. Kwa wenye miaka 65 na zaidi, Brazzaville ilikuwa 6.7 kwa 100, Bangui 8.1. Kwa kipimo cha Brazzaville, parokia ya Goma yenye wazee 100 ingekuwa na karibu saba. Hao saba ndio wanaoitwa wazee tu, au walozi. Na neno hilo la pili linaua: Septemba 2021 wanawake wanane walioshutumiwa ulozi waliuawa Kivu Kusini.

Dawa ya kuponya Alzheimer haijapatikana. Hata hivyo si kila kusahau ni Alzheimer. Presha iliyoharibu mishipa ya ubongo, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, ukosefu wa vitamini B12, kaswende ya zamani au huzuni nzito ya mtu aliyekimbia vita na kufiwa huleta dalili zinazofanana, na baadhi ya hayo yanatibika. Mjini Goma, kituo cha Tulizo Letu cha Frères de la Charité hupokea wenye matatizo ya akili. Mzee asipelekwe peke yake kwa daktari. Aende na mtu anayelala naye nyumba moja, anayeweza kusimulia mabadiliko yalianza lini na jikoni kulitokea nini, kama Karl Deter alivyosimulia.