Mzee Hooker na Mukombero Wetu

Ndugu msomaji, ukishuka matatu pale Malaba, kabla hujaifikia foleni ya malori, utawakuta watu wanauza mizizi ya kahawia iliyofungwa mafungu mafungu. Ni mukombero huo. Madereva wanatafuna, makanga wanatafuna, na Busia nako ni hivyo hivyo. Ukivuka ng'ambo kwa Waganda mzizi ni ule ule ila unaitwa mulondo. Mimi nilidhani wataalamu hawana habari nao, kumbe una jina la kisayansi, Mondia whitei, na aliyeuandika kwanza ni mtu mkubwa sana.

Mtu huyo ni Joseph Dalton Hooker. Alizaliwa Uingereza tarehe 30 Juni 1817. Baba yake alikuwa profesa wa mimea kule Glasgow, basi mtoto akakulia katikati ya majani makavu. Alisomea udaktari, na mwaka 1839 akapanda meli iitwayo Erebus kama msaidizi wa daktari. Miaka minne walizunguka bahari za kusini zenye barafu, naye kila waliposhuka anachuma mimea.

Mwaka 1847 akaenda India, akapanda milima ya Himalaya. Huko Sikkim alikusanya vichaka vya maua viitwavyo rododendroni, vingi havikuwa vimejulikana Ulaya. Mwaka 1849 watu wa serikali ya huko walimkamata yeye na mwenzake Campbell, wakawafungia wiki kadhaa kwa sababu walivuka mpaka wa Tibet. Sisi watu wa mpakani tunaelewa mambo hayo!

Alikuwa rafiki wa chanda na pete wa Charles Darwin. Tangu 1844 Darwin alimwambia siri yake kwamba viumbe hubadilika, miaka kumi na mitano kabla ya kuitoa kitabuni. Kuanzia 1865 hadi 1885 Hooker alikuwa mkuu wa bustani ya Kew, London, ambako mimea ya dunia nzima ilipelekwa kwake.

Sasa ndipo mukombero unapoingia. Mkulima mmoja wa Fundisweni, Afrika Kusini, aitwaye White, ndiye aliyeutoa mmea huo, na mwaka 1871 Hooker akaueleza. Ni mmea wa msitu wa mvua, kama ule wa Kakamega, wenye shina gumu linalopanda juu ya miti mingine. Majani yake ni makubwa, yanakaa mawili mawili yakitazamana, na chini yana umbo la moyo. Kwenye kifundo, kati ya jani na jani, kuna ukingo mdogo uliochanikachanika kama pindo la leso. Ukilikata shina linatoa utomvu mweupe. Ua ni la zambarau nyekundu lenye kingo za kijani. Hooker akauita Chlorocodon, yaani kengele ya kijani kwa Kiyunani, na jina la pili akampa White. (Wengine huandika whytei. Ni makosa.)

Hapo mimi namlaumu kidogo mzee wetu. Mkulima alipewa heshima, lakini waliouchimba na kuutafuna tangu zamani hawakutajwa katika jina hilo. Na Hooker mwenyewe, ingawa Afrika aliigusa Rasi ya Tumaini Jema na Moroko, huku kwetu hakufika kabisa.

Lakini sheria za majina ya mimea ni kali. Ikagundulika kwamba jina Chlorocodon lilikuwa limeshapewa mmea mwingine, kwa hiyo haliwezi kutumika mara mbili. Mmarekani Skeels akaweka Mondia badala yake, kutokana na neno umondi, ndivyo Wazulu wanavyouita. Hiyo ilikuwa 1911. Mwaka huo huo, tarehe 10 Desemba, Hooker akafariki akiwa na miaka 94, akazikwa Kew karibu na baba yake.

Juzi nilimsimulia mama mmoja anayeuza pale stendi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka, kisha akaniuliza kama nataka wa shilingi kumi ama wa ishirini.