Bibi Salme: Mapenzi Yasiyotaka Kuachia



Kila ninapokuja London kwa mwanangu hushuka stesheni ya Edgware Road, nikatembea taratibu mpaka Marble Arch. Ni barabara iliyonyooka, kwa sababu imepita juu ya njia ya Warumi wa kale. Siku hizi maduka yake yana maandishi ya Kiarabu, harufu ya nyama ya kuchoma na moshi wa shisha, na ukikaa mkahawani kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa hukosi kumsikia mtu wa Maskati au wa Unguja akizungumza Kiswahili kwenye simu. Nami nikikaa hapo humkumbuka binti mmoja wa Mtoni aliyefika katika mji huu mwaka 1875, miaka mia moja kabla ya mikahawa hii, akitafuta jambo moja tu: kuuona uso wa kaka yake.

Nilikuwa karani kwa zaidi ya miaka thelathini, na kazi hiyo humfundisha mtu kulisoma jalada lote kabla ya kutia sahihi. Khabari za Bibi Salme nilizipokea utotoni kwa njia mbili. Katika skuli ya misheni tulitajiwa kwa fahari, kwamba ni binti wa Sultani aliyebatizwa. Mtaani wazee walimtaja kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeuza nyumba ya baba yake kwa ajili ya mwanamume. Nilipokisoma kitabu chake mwenyewe, tena uzeeni, niliona kuwa pande zote mbili walisoma ukurasa mmoja wakalifunga jalada.

Sayyida Salme alizaliwa Beit al-Mtoni tarehe 30 Agosti 1844, katika watoto wa mwisho wa Sayyid Said bin Sultan. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa asili ya Circassia, ambaye vita vilimtenga na wazazi wake akiwa mdogo. Salme alipokua kidogo alihamia Beit al-Watoro na mama yake, wakakaa kwa kaka yake Majid. Huko alijifunza kupanda farasi na kulenga shabaha. Kuandika alijifundisha mwenyewe kwa siri, maana watoto wa kike walifundishwa kusoma tu. Alichukua kalamu, wino na mfupa wa bega la ngamia, akawa ananakili maneno ya Msahafu mpaka mkono ukazoea.

Baba yake alifariki baharini mwaka 1856 akirejea kutoka Oman. Mwaka 1859 kipindupindu kikamchukua mama yake. Kabla hajafika miaka kumi na sita alikuwa yatima pande zote mbili, na mtoto wa namna hiyo huwashika nduguze kama aliyeshika ubao baharini.

Tatizo lilikuwa kwamba nduguze wenyewe wamegawanyika. Majid alikuwa amerithi utawala wa Unguja, na Barghash aliutaka. Salme alimpenda Majid, lakini alimpenda mno pia dada yake Khole, na Khole alikuwa upande wa Barghash. Akamfuata Khole. Kwa kuwa alijua kuandika, yeye ndiye aliyekuwa karani wa njama hizo za 1859, akiandika barua usiku. Njama zikashindwa kwa msaada wa Waingereza, na Barghash akapelekwa Bombay.

Majid hakumwadhibu dada yake. Angeweza, na wengi walimtaka afanye hivyo. Baadaye wakapatana, na Majid alipomwomba amwachie balozi wa Kiingereza nyumba yake ya Bububu, Salme alikubali. Kwa Khole na Barghash kitendo hicho kilikuwa usaliti. Hapo ndipo binti huyu alipojifunza somo baya ambalo familia nyingi zetu huwafundisha watoto hata leo: ukimpenda huyu, basi umemchukia yule.

Akarudi mjini, akawa mpweke. Nyumba ya jirani alikaa mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Mambo yakawa kama yalivyokuwa, na mwezi wa Agosti 1866, akiwa mja mzito, aliondoka Unguja usiku kwa manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer. Alikaa Aden miezi mingi, akajifungua mtoto wa kiume. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily na siku hiyo hiyo akafunga ndoa. Yule mtoto mchanga alifariki safarini, kabla hawajafika Hamburg.

Napenda tusimame hapa kidogo kwa Majid. Heshima yake ilikuwa imeguswa mbele ya mji mzima, naye alikuwa na uwezo wote mkononi. Hata hivyo, kwa maelezo ya Salme mwenyewe, hakumdhuru Ruete, bali alimwachia amalize biashara zake Unguja kwa salama. Hakukubali alichofanya dada yake, wala hakuhitaji kukikubali ili amwonee huruma. Mimi naamini hayo ndiyo mapenzi yasiyo na sharti. Hayakupigiwa ngoma, wala hayakumrudisha dada nyumbani, lakini yalikuwa mapenzi.

Hamburg walipata watoto watatu: Antonie, Said na Rosalie. Nyumbani yeye na mumewe walizungumza Kiswahili. Agosti 1870 Ruete aliteleza akishuka kwenye tramu, akaumia vibaya na kufariki baada ya siku chache. Mjane akabaki na watoto watatu wadogo, katika nchi ya baridi, bila ya mtu wa kuzungumza naye lugha ya Mtoni. Miezi miwili baadaye, Oktoba 1870, Majid naye akafariki, na Barghash akakalia kiti. Huyu ndiye yule kaka ambaye Salme alimwandikia barua usiku akihatarisha roho yake.

Ndipo tunafika London. Mwaka 1875 Sayyid Barghash alialikwa Uingereza, miaka miwili baada ya kutia sahihi mkataba wa 1873 wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Salme aliposikia, akawaacha watoto Ujerumani, akaja. Sir Bartle Frere, yule aliyepelekwa Unguja kwa ajili ya mkataba huo, akamwekea mbele mambo mawili: aonane na kaka yake, au asionane naye na watoto wake watazamwe kwa masomo na matumizi. Serikali haikutaka mgeni wake audhiwe.

Mwenye watoto aijibu mizani hiyo. Salme akachagua watoto. Barghash alizunguka mji huu wiki kadhaa, akipokewa na wakubwa, na dada yake yumo mji huo huo, hawakuonana. Alipokuja kudai ahadi, akaambiwa kuwa yeye sasa ni raia wa Ujerumani, hivyo si jukumu la Uingereza. Akarudi kwa watoto wake mikono mitupu, hana kaka wala ahadi.

Mtu akiisoma sehemu hiyo huona hasira juu ya Barghash, na mimi niliiona. Lakini haki ni haki. Kwake yeye dada aliiacha dini na nchi kwa pamoja, na kwa sharia aliyeacha dini harithi. Tena kila mara dada huyo alipokaribia, nyuma yake ilisimama dola ya kigeni. Mwaka 1885 aliletwa Unguja pamoja na watoto wake wakati manowari za Bismarck zimeelekeza mizinga kwenye kasri. Barghash hakumpokea. Angemjuaje dada na kumtenga na mizinga?

Na Salme naye hakuwa malaika. Ndani ya bahasha moja alitia mambo mawili, mapenzi ya ndugu na madai ya urithi, na kila alipoandika barua ya mapenzi, madai yalichungulia. Katika kitabu chake, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1886, aliutetea utumwa wa nyumbani kwao, ingawa mama yake mzazi alikuwa mtoto aliyepokonywa kwao. Alichokipenda hakuweza kukiona vizuri. Hilo ni jambo la kumwonea huruma, lakini tusilifiche.

Barghash alifariki Machi 1888. Mwaka huo huo Salme alikwenda tena Unguja. Sasa mtawala alikuwa ndugu mwingine, Sayyid Khalifa, na mlango ukabaki umefungwa. Baada ya hapo hakurudi Ujerumani kuishi. Alikaa Mashariki, zaidi Beirut, mpaka 1914, mahali ambapo angalau adhana ilisikika na Kiarabu kilizungumzwa. Alirejea Ujerumani kwa watoto wake, na akafariki Jena tarehe 29 Februari 1924. Amezikwa Hamburg, makaburi ya Ohlsdorf, karibu na mumewe. Ndani ya vitu vyake kulikutwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, wakamzika nacho.

Mwanawe Said, ambaye wazungu walimjua kama Rudolph Said-Ruete, alikuja kuishi London, na mwaka 1929 akachapisha hapa kitabu cha maisha ya babu yake, Sayyid Said. Mjukuu alifika kwa babu kwa kalamu, pale ambapo mama alishindwa kufika kwa miguu.

Wasomaji wangu, kwa nini nimeyaandika haya kutoka Edgware Road? Nina dada yangu mdogo. Aliolewa nje ya tulivyotaka sisi, na mimi kama kaka mkubwa sikwenda arusini. Ni miaka kumi na tisa. Muda wote huo nimewaambia watu kwamba nampenda, ila nangoja aje yeye kwanza aniombe radhi. Nilidhani kungoja huko ndiko kupenda. Nikimsoma Bibi Salme nilijiona upande wake, mtu anayewalilia nduguze. Nilipomaliza kitabu nikatambua kuwa nafanana zaidi na Barghash, tena sina hata udhuru wa mizinga bandarini.

Kushikamana na mtu hutaka kitu: uso wake, radhi yake, haki yangu, neno la samahani. Kumpenda ni kumtakia kheri hata kama hayo yote hayaji. Bibi Salme alitaka kufika hapo maisha yake yote, na mchanga ule unaonyesha kuwa hakuacha kujaribu. Majid alifika kwa kitendo kimoja, bila ya maneno mengi.

Juzi, nimekaa kwenye kiti cha mkahawa, nilimpigia dada yangu simu. Hakupokea. Jioni akapiga yeye, akauliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nilitaka kumwamkia tu. Tulizungumza dakika sita, khabari za watoto na za mvua. Samahani haikutajwa na yeyote, nami nimeamua kutoingoja tena.

Mola awarehemu watoto wote wa Sayyid Said, waliopatana na wasiopatana, na atulainishe nyoyo sisi tuliobaki.