Melvil Dewey: Aliyebuni namba za vitabu maktaba, jina lake likafutwa kwenye tuzo

Mwanafunzi wa Tarime au Mugumu akitumwa kitabu cha historia ya Tanzania, kwenye maktaba inayofuata mfumo wa Dewey anakwenda moja kwa moja 967.8. Namba hiyo imebandikwa kwenye mgongo wa kitabu.

Aliyeanzisha mfumo huo ni Mmarekani Melvil Dewey, aliyezaliwa Desemba 10, 1851, jimbo la New York.

Akiwa na miaka 21 tu, anasoma na kufanya kazi maktaba ya chuo cha Amherst, aliona tatizo. Zamani namba ilikuwa ya rafu, siyo ya kitabu. Vitabu vikiongezeka, kazi ya kupanga inaanza upya. Dewey akageuza: namba akaipa mada. Maarifa yote akayagawa mafungu 10, kila fungu 10 tena, na kila sehemu 10 tena, kisha nukta, na kuendelea. Akachapisha mwaka 1876, kijitabu cha kurasa 44.

Hiyo nukta ndiyo inayowachanganya wengi. Kenya ni 967.62, Tanzania 967.8. Ukidhani 8 inatangulia 62 utazunguka rafu bure, kwa sababu baada ya nukta unasoma tarakimu moja moja: 6 kwanza, 8 baadaye. Yaani unaanza na Kenya ndipo unaingia Tanzania, kama unavuka Sirari.

Mwaka 1887 alifungua shule ya ukutubi chuo cha Columbia na kupokea wanawake, wakubwa wa chuo wakiwa hawataki.

Lakini jamaa alikuwa na upande mbaya. Klabu yake ya Lake Placid iliwafungia mlango Wayahudi, na malalamiko yao yakamng'oa kwenye ukuu wa maktaba ya jimbo. Mwaka 1906 akasukumwa nje ya Chama cha Maktaba cha Marekani, ambacho alishiriki kukianzisha, baada ya wanawake kulalamika kuwa anawasumbua kingono.

Hata namba zake zina upendeleo. Fungu la 200 ni la dini, na sehemu kubwa ni Ukristo. Uislamu uko 297, na dini za jadi za Afrika, za Wakurya zikiwemo, zimebanwa 299, mwisho kabisa.

Dewey alifariki Desemba 26, 1931, Florida. Mwaka 2019 chama hicho kiliondoa jina lake kwenye tuzo yake. Namba zinaendelea kutumika.