Dönitz, Mkuu wa Nyambizi Aliyewapoteza Wanawe Wawili

Kila nimtajapo Karl Dönitz barazani huulizwa: Mjerumani huyo yatuhusu nini sisi? Mimi hujibu kwamba alipata kuvaa tarbushi. Mwaka 1914 meli yake, Breslau, iliwakimbia Waingereza ikaingia Istanbul, ikapewa Dola ya Uthmaniya na kuitwa Midilli. Yeye, afisa kijana aliyezaliwa karibu na Berlin mwaka 1891, akapigana na Warusi katika Bahari Nyeusi chini ya bendera ya Sultani.

Baadaye akahamia nyambizi. Oktoba 1918 aliuvamia msafara wa meli katika Mediterania; nyambizi yake ikakorofika, ikaibuka juu mbele ya manowari za Waingereza, naye akatekwa. Hapo alijionea kwamba nyambizi moja haifui dafu mbele ya msafara uliolindwa.

Vita vya 1939 vilimkuta na nyambizi 57, naye alitaka 300. Mbinu yake ilikuwa hii: nyambizi iliyouona msafara haikushambulia. Iliufuata nyuma na kumwarifu kwa redio. Naye, akiwa nchi kavu, akaziita nyingine, na usiku zikavamia pamoja kama mbwa mwitu. Oktoba 1940, katika msafara mmoja wa meli 35, zilizama 20. Vijana wake walimpenda mno. Mara nyingi alikwenda mwenyewe gatini kuwapokea.

Lakini redio ile ile ndiyo iliyomponza. Waingereza walilifumbua fumbo la mashine ya Enigma wakawa wanasoma amri zake. Alishuku zaidi ya mara moja, akaamuru uchunguzi, na kila mara wataalamu wakamhakikishia kwamba jambo hilo haliwezekani. Mei 1943 nyambizi 41 zilipotea kwa mwezi mmoja. Katika mojawapo alikuwamo mwanawe Peter, mwenye umri wa miaka 21. Aliziondoa Atlantiki ya Kaskazini, kisha miezi michache baadaye akazirudisha. Mwanawe wa pili, Klaus, aliuawa baharini mwaka 1944. Hadi vita vinakwisha, katika kila wanamaji wanne wa nyambizi, kiasi cha watatu walikuwa wamekufa.

Mimi namwonea huruma baba huyo, ila simwachilii kamanda. Septemba 1942 nyambizi yake moja iliizamisha meli Laconia, kisha ikaanza kuwaokoa waliokuwa majini, ikitandaza alama ya msalaba mwekundu. Ndege ya Marekani ikaishambulia kwa mabomu. Ndipo Dönitz akaamuru kwamba tangu hapo asiokolewe mtu. Mwana wa pwani anajua uzito wa amri hiyo.

Wala hakuwa askari tu asiyejua siasa, kama walivyodai watetezi wake. Alimwamini Hitler hadi mwisho, na Hitler alipojiua Aprili 1945 alimwachia yeye dola. Aliishika siku ishirini na kitu, majeshi yakasalimu amri, akakamatwa. Mahakama ya Nuremberg ilimfunga miaka kumi, akaitumikia yote.

Alitoka mwaka 1956, akaandika kumbukumbu zake, na hakutubu. Alifariki Desemba 24, 1980. Serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilikataa kumzika kijeshi, ikapiga marufuku wanajeshi wasihudhurie wakiwa na sare. Hata hivyo, wazee waliobaki wa nyambizi walifika kwa wingi, wakamzika karibu na Hamburg.